Sauti ya Mama Agar katika Filamu ya Mumewe

Siku ya kwanza ya kupiga picha za filamu, Mama Agar alikuwa uani akichekecha unga wa kusongea bukari na kumtania jirani, sauti ikamkatika katikati ya neno. Wakati huohuo, kwenye stesheni ya Kamina, mwigizaji mnene mwenye sharubu za kubandika alifungua kinywa, na sauti ya Mama Agar ikatoka humo, nzima nzima.

Hakuna aliyeshtuka. Mama huyo alikuwa ameongoza kwaya ya Wamethodisti kwa miaka mingi, na mji mzima uliijua sauti yake. Yav, mwenye kamera na jenereta, aliuliza tu kama maikrofoni imeshika vizuri.

Aliyeinamisha kichwa ni Éliézer, mwana wa Mama Agar na mwandishi wa filamu. Ilimhusu baba yake, marehemu Maurice Nkulu, mchekeshaji ambaye kaseti zake ziliwavunja watu mbavu toka Bukama hadi Luena. Kaseti hizo zilipikwa jikoni. Baba alikuwa akirudi kutoka karakana ya reli, anaketi, na mkewe anasonga bukari huku akiwaigiza majirani, wachungaji na wakubwa wa stesheni. Jumamosi baba anapanda jukwaani na maneno yaleyale. Michezo ya redio ya Éliézer, iliyowafanya watu waseme damu ya Maurice haikupotea, naye aliiokota jikoni humo.

Jioni alimkuta mama yake akisema tena, ila kwa sauti iliyokwaruza.

“Leo munanisemesha sana. Yule mutu wa sharubu anapiga makelele, koo inaniuma.”

“Pole, mama. Iko filme.”

“Filme ya nani?”

“Ya papa.”

“Ah bon,” mama akasema, akamwekea chakula. “Kula basi.”

Éliézer aliona aibu hata kumtazama usoni, na asubuhi akamwendea Yav.

“Maneno yote iko ya mama. Tuandike jina yake.”

Yav hakukasirika. “Kama maneno ya papa ilikuwa ya mama, na yako weye je? Batu batauliza.”

Éliézer akasema basi, waache kwanza.

Filamu ilionyeshwa Jumapili alasiri, katika ukumbi ulio karibu na reli. Maandishi ya mwanzo yalisema: visa vya Maurice Nkulu, vimeandikwa na Éliézer Nkulu. Wote waliokuwa kwenye picha, hata mkubwa wa stesheni, walisema kwa sauti moja ya kike. Watu walicheka hadi machozi. Mama Agar aliketi mstari wa mbele, midomo yake ikifuata kila neno kimyakimya.

Karibu na mwisho, picha zikiendelea, Yav alishika maikrofoni.

“Mujane wa artiste yetu asimame, tumusalimie!”

Mama Agar alisimama, akawageukia watu. Alifungua kinywa kuwasalimu, kama ilivyo desturi, na hakikutoka kitu. Watu walingoja kwa heshima, huku sauti yake ikichekesha nyuma yake ukutani. Akamgeukia mwanawe.

Éliézer alichukua maikrofoni. Kwa aibu hakumtazama usoni.

“Mama anasema aksanti,” akasema, “kwa yote papa alifanya.”

Kisha akapiga makofi kuliko wote.