Kizimba Chenye Lesi

Rafiki yangu Filister alipohamishwa kwenda Mombasa mwaka wa 1996, aliniachia kasuku wake wa miaka kumi na mmoja kwa masharti mawili. Nimtafutie kizimba kipana, maana kile cha zamani kilikuwa kimeliwa na kutu. Na mwezi wa nane atakuja kumwona. Akimkuta amedhoofika, atamchukua ampe mtu mwingine. Filister ni muuguzi. Akisema jambo, harudii.

Mimi ni afisa wa mifugo pale Uriri, na kasuku hamshindi ng'ombe kwa ugumu. Anyooshe mabawa yote mawili bila kugusa ukuta. Nyaya zikaribiane asipenyeze kichwa. Vijiti viwe vya unene tofauti ili miguu isichoke. Yaliyobaki ni mapambo.

Shida ni kwamba nyumbani kwetu Migori mapambo ni idara ya Baba Sheila.

Mume wangu Omanga anauza vitambaa karibu na stendi. Mwaka huo alikuwa amechaguliwa mzee wa kanisa, na tangu hapo hakuna kitu kilichoingia sebuleni bila kupimwa kama kinamfaa mzee.

"Mama Sheila," akaniambia, "wavu wa kuku uache kwa kuku. Wageni wa Sabato watakaa hapa watazame nini?"

"Kasuku."

"Ndani ya nini?"

Alikuwa ameshampata fundi. Kwenye mazishi fulani huko Rodi Kopany, wenzake walipokuwa wakilia, yeye alikuwa akikagua jeneza. Viungo havionekani, alinisimulia, na vanishi inang'aa kama kioo. Nikamuuliza kama huyo fundi, Cephas, amewahi kumtengenezea makao kiumbe anayepumua. Akasema mbao ni mbao.

Nikamwandikia vipimo kwenye karatasi. Omanga akaikunja vizuri, akaenda nayo Rodi Kopany, akairudisha ikiwa imekunjwa vilevile.

Wiki mbili baadaye kizimba kikaja kwa pikapu, Cephas amekishikilia nyuma. Kilikuwa kirefu, chembamba, kimepanuka kidogo mabegani. Kilikuwa na vishikio vinne vya shaba. Juu ya wavu mdogo wa mbele palikuwa na kidirisha cha kioo. Ndani kilitandikwa satini nyeupe, na lesi ikazungushwa pembe zote. Kilichokosekana ni jina na tarehe mbili.

"Fundi, vishikio ni vya nini?"

"Vya kubebea, madam."

"Ndege wa nusu kilo abebwe na watu wanne?"

"Wateja wangu wote hubebwa hivyo," Cephas akajibu, wala hakuwa anatania. "Na hakuna aliyewahi kurudi kulalamika."

Omanga alisimama hatua tatu nyuma, mikono mgongoni, akikipenda. "Satini imetoka dukani kwangu," akasema. "Ile bora."

Nikasema vanishi bado inanuka, na kasuku hatatiwa humo hata siku moja. Kisha Alhamisi nikaenda kuchanja ng'ombe, nikawaacha kasuku, kizimba na mume wangu nyumba moja. Hilo kosa ni langu.

Niliporudi alasiri, kasuku alikuwa ndani ya kile kizimba, ananing'inia. Uzi wa lesi ulikuwa umemzunguka kidole cha mguu, na kadiri alivyovuta ndivyo ulivyokaza.

"Anacheza nayo tangu asubuhi," Omanga akasema. "Nilidhani ameipenda."

Nilikata uzi kwa mkasi wangu wa kazini. Kidole kilikuwa kimeshakuwa cheusi, na baada ya siku chache kikakatika chenyewe. Kwa wiki nzima ndege alikula punje chache tu na kunigeuzia mgongo. Zilikuwa zimebaki wiki tano Agosti ifike.

Sikuomba ruhusa ya mtu. Nilinunua wavu mzito wa chuma, nikausugua kwa siki kuondoa zinki, sumu kwa ndege, nikampa mchomeleaji vipimo vyangu na kusimama naye hadi akamaliza kizimba. Ndani nikaweka matawi ya mpera. Nikakiweka varandani. Kilifanana na rumande. Siku ya tatu kasuku alibambua gome la tawi zima, akaomba kula.

Filister alifika Jumapili moja ya Agosti. Kabla sijatoka jikoni, Omanga alikuwa ameshamwongoza sebuleni akaone kazi ya fundi. Nilimkuta Filister amesimama mbele ya kile kizimba kitupu, mkoba ameuweka chini.

"Mngeniandikia," akasema polepole. "Ningekuja kumzika."

Mzee wa kanisa akaanza kumweleza ubora wa satini.

Nikamshika Filister mkono, nikampeleka varandani. Kasuku alikuwa ananing'inia kichwa chini kwa hiari yake, anapasua gunzi la mahindi. Filister alihesabu vidole.

"Kimoja kiko wapi?"

Nikamweleza yote, pamoja na Alhamisi yangu. Hakunifariji. Akafungua mlango, akaingiza mkono. Ndege akaupanda hadi kwenye kiwiko, akatandaza mabawa yote mawili, wala hayakugusa chuma. Filister akamrudisha kwenye tawi.

"Anabaki," akasema. "Lakini lile sanduku litoke nyumba hii."

Omanga alilipeleka dukani siku iliyofuata, akalijaza mabunda ya lesi za kuuza. Wateja wakiliona, wanavua kofia.