Mwali Ajaze Mlango

Macho hayana pazia, wamesema wa kale. Hapa kijijini Mahege yanalo, nalo ni mdomo wa Bi Sikudhani.

Asubuhi hiyo Bi Sikudhani, kungwi, alikaa kwenye kigoda akimtazama mwali wake, Faudhia, anavyomaliza sinia la ubwabwa wa nazi. Faudhia alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi, lakini kabla ya kwenda ilibidi kwanza awekwe ndani, kama mama yake alivyowekwa. Atatolewa siku atakayoujaza mlango wa chumba, bega huku, bega huku. Kioo hakikuwemo chumbani. Kioo cha mwali ni kungwi.

"Simama mlangoni nikuone."

Faudhia alisimama. Mabega yakagusa miimo yote miwili.

"Bado," alisema Bi Sikudhani. "Ufito."

Mlango ukapanuka kiganja kizima. Habiba, mama wa mwali, akamwita seremala Badru, naye akaja na mbao na misumari.

"Juzi tu nimeuunga huu," Badru alinung'unika. "Kwani mwali wenu hali, shemeji?"

"Anakula. Haonekani tu."

Kila Bi Sikudhani aliposema bado, mlango uliongezeka. Kuku wakazoea kupita, kisha mbuzi. Gauni lilimpasukia Faudhia kwapani. Akautazama mkono wake, akaona ufito, akasema kitambaa kimeoza. Baba yake alileta mzani wa korosho, wakautundika kwenye boriti, na mwali akaning'inia. Mshale ukapita pale unapokomea gunia lililoshiba.

"Mzani wa korosho unajua korosho," alisema Bi Sikudhani. "Watu nawajua mimi."

Yasmin, shoga wa Faudhia aliyepata naye chuo, alikuja kuaga, akampiga picha kwa simu.

"Mwenzangu, umejaa, mashallah! Haya, toka basi. Wenzio chuoni wameanza kuripoti."

Faudhia aliitazama picha. "Bonge hili nani?"

"Si wewe!"

"Usinicheze shere, Yasmin. Mie najiona."

Yasmin aliondoka peke yake. Jioni Bi Sikudhani akamkagua tena mwali, akasema bado, na mlango ukaumaliza ukuta wa mbele. Badru alitafuta pa kugongea msumari, hakupaona, akafungasha nyundo yake akaenda kuswali.

Faudhia alibaki anatazama barabara, iliyokuwa sasa mbele ya mkeka wake. Asubuhi alijifunga khanga, akachukua begi, akatoka. Nje ilisimama pikipiki. Akachungulia kwenye kioo chake, akaona ufito umevikwa khanga. Akaikaza khanga isije ikamvuka, akaendelea.

"We mtoto!" Bi Sikudhani alisimama pale ulipokuwa ukuta. "Unatoka bila ngoma, mlango hujaujaza! Unanitia aibu na makungwi wenzangu. Rudi uniombe radhi!"

Nyuma yake Maulida, binti wa shangazi, alikuwa anatandika mkeka kwenye chumba cha pili, ambacho mlango wake ulikuwa bado mdogo. Habiba alishampakulia sinia.

Faudhia aligeuka nusu, akapiga goti kidogo kama alivyofunzwa.

"Shikamoo, somo," alisema. "Radhi siombi."