Kitufe, Kitufe

Kisu kilikuwa kikikwaruza mkate ulioungua, taratibu, asije akaamshwa mtu, na bado hakujapambazuka. Mama Mistari alikuwa macho tayari. Alimsikia mpwa wake akiondoa weusi wa mkate, akajua upande mzuri atawekewa yeye, na ule ulioungua binti ataumaliza mwenyewe jikoni akiwa amesimama. Akajifanya amelala, asimtie haya.

Jina la Mama Mistari alilipata hospitalini, alikokuwa akitunza kompyuta tangu zilipoletwa. Mipangilio yote ya mtandao aliiandika kwa mkono, mstari kwa mstari, kwenye mafaili ya maandishi matupu. Macho yalipomfia, watu walidhani na kazi imekwisha. Haikwisha. Kompyuta ilimsomea maandishi sikioni, naye akayarekebisha kwa kusikia, kama mtu anayechambua mchele gizani kwa vidole.

Leo kazi hiyo ilikuwa mashakani. Mkuu wa kitengo alikuwa ameleta programu ya madirisha, ambayo ndani yake kila mpangilio hufanywa kwa kubofya picha. Kwa wenye macho ilikuwa raha, na Mama Mistari mwenyewe aliisifu: hata muuguzi angeweza kuongeza printa bila kumsumbua mtu. Ila picha zile hazikupewa majina. Sauti ya kompyuta ilipozipitia ilisema neno lile lile tu. Mama Mistari aliomba ziandikiwe majina, kazi ya asubuhi moja, akajibiwa kwamba itaangaliwa. Na mkurugenzi alishatamka: asiyeiweza programu, aage.

Mkuu huyo wa kitengo aliitwa Kipanya. Ni Mama Mistari aliyembandika jina hilo enzi akimfundisha kazi, maana hakukiachia kipanya cha kompyuta hata wakati wa kula. Walikuwa wakila sahani moja.

Asubuhi hiyo, kwenye chumba cha kompyuta, mkurugenzi akaketi kushuhudia jaribio, na wafanyakazi wakajaa nyuma yake. Mama Mistari aliambiwa aunganishe kompyuta mpya ya wodi ya wazazi. Akaweka vidole kwenye kibodi.

Kitufe, ikasema sauti. Kitufe. Kitufe.

Mmoja wa nyuma akaiga kwa kubana pua, chumba kizima kikaangua kicheko. Mama Mistari naye akacheka kidogo, wasije wakajisikia vibaya. Kisha akaliacha dirisha, akafungua faili lake la zamani, akaandika mistari yake. Haikuchukua muda, simu ikalia kutoka wodini: muuguzi anashukuru, mtandao umeshika. Mkurugenzi akasema kwa sauti ya mtu aliyeanza kulegea kwamba basi, kama mambo yanakwenda, huyu mama waachane naye afanye anavyojua.

Kipanya akaomba ahakikishe tu. Akafungua programu, akabofya mahali pa kuhifadhi. Wawili tu mle chumbani walijua maana yake. Programu ile haikuwa na desturi ya kusoma faili kwanza. Ilimwaga mipangilio yake juu ya chochote ilichokikuta, ikafuta kila kilichoandikwa kwa mkono.

Simu ikalia tena. Wodini hakuna mtandao.

"Mambo ya mkono ndiyo haya, mkurugenzi," alisema Kipanya. "Yanashika, yanaachia."

"Umehifadhi juu yake," alisema Mama Mistari. "Nimesikia ukibofya, mdogo wangu."

"Umesikia, dada. Ungekuwa umeona, tungekuamini."

Wakacheka zaidi kuliko mara ya kwanza. Saa ya chakula cha mchana ilimkuta Mama Mistari getini na mfuko wake, akimngoja mpwa aje kumshika mkono.

Wiki haikuisha, Kipanya akabisha hodi nyumbani. Mpwa alitaka kumfungia mlango. Mama Mistari akasema mgeni apewe chai. Kipanya aliulizia afya, akasifu usafi wa nyumba, ndipo akaitoa shida yake. Mashine kongwe yenye kumbukumbu za wagonjwa ilikuwa imejifunga, na neno la siri alikuwa nalo dada peke yake.

"Usimpe, shangazi," alisema mpwa kutoka jikoni, bila kujificha. "Akilikosa atakuja kila siku kukubembeleza. Akilipata, humwoni tena."

Mama Mistari alijua ni kweli. Lakini aliwafikiria wagonjwa waliokaa kwenye mabenchi, wakiambiwa wasubiri. Akalitaja herufi kwa herufi, polepole, Kipanya akiliandika kwenye simu, kisha akamsomea tena kuhakikisha.

Papo hapo kiti kikalia. Kikombe kilirudi mezani kwa kishindo kizito cha kikombe kisichonywewa. Hata hivyo, kabla ya kutoka, Kipanya alisogeza stuli iliyokuwa njiani hadi ukutani, dada asije akajikwaa. Mama Mistari aliusikia mburuzo huo, na moyo ukamlainika.

"Uje tena, mdogo wangu," alimwambia mlangoni. "Hata kama huna shida na mimi, uje tu."