Ndege wa Fundi Tao

Mzungu aliingia karakanani bila hodi, mkalimani akihema nyuma yake. Tao Genfu hakumjua, lakini mgeni ni mgeni, akammiminia chai.

Mgeni hakuigusa. Aliweka mezani kigae cha majong, mchezo wa vigae wa Kichina. Pembeni kilichongwa tarakimu ya Kizungu, ili Wamarekani wasiojua alama za Kichina nao wacheze. Katikati palikuwa na ndege.

Genfu alimtambua kama mtu anavyomtambua mwanawe sokoni: mkia wa manyoya matano, shingo imegeuka nyuma. Shanghai nzima, kila karakana ya vigae ina ndege wake kwenye kigae cha mwanzi wa kwanza, yaani namba moja ya kundi la mianzi, na fundi hamchongi ndege wa mwenzake. Huyu alikuwa wa Genfu, na wa baba yake kabla yake.

"Bwana anasema ndege huyu ni mali ya kampuni yake," alisema mkalimani. "Mchongee yeye peke yake. Ukimchongea mwingine, mifupa ya ng'ombe wanayokuletea ya kuchongea vigae basi."

"Nani kamuuza?"

Mkalimani alikunjua hati ya mauzo. Muhuri ulikuwa wa Qiu Meisheng, fundi mwenzake na ndugu yake wa kiapo, waliyekunywa naye kikombe kimoja mbele ya mungu Guan, shahidi wa viapo. Mwaka jana Meisheng aliuomba mchoro wa ndege huyu autazame tu, naye Genfu akampa kwa mikono miwili. Kwa ndugu nani anadai hati?

Alimkuta Meisheng kwenye duka la chai, anabangua mbegu za tikiti.

"Ndege mmoja tu, kaka! Marekani yote inacheza, wewe bado unahesabu manyoya?"

"Ungeniomba."

"Ungekataa."

"Na ulijua."

Meisheng alicheka, kisha akaacha kucheka. Genfu aliondoka. Suala la ndege angeweza kulisamehe. Kile kikombe cha kiapo kilimshinda.

Nyumbani seti ya Bibi Ye ilikuwa imebakiza kigae kimoja tu, cha ndege, ikamilike. Bibi huyo jirani alikuwa kipofu, akisoma vigae kwa kidole gumba, na Genfu alimwahidi seti kwa siku yake ya kutimiza miaka themanini. "Usiniletee shomoro wa watu," bibi alimwonya. "Kidole changu kinamjua wako."

Bila mifupa ya kampuni, karakana ingekufa njaa. Genfu alilijua hilo. Akafungua mlango wazi, akaketi penye mwanga, akachonga unyoya wa kwanza wa ndege wa Bibi Ye. Mkalimani alipita, akasimama, akatikisa kichwa. Kabla unyoya wa tano haujaisha, mkokoteni wa mifupa ulikuwa umeshapita mlangoni pake bila kusimama, ukielekea kwa Meisheng.

Siku ya sherehe Bibi Ye alipapasa vigae kimoja kimoja, mpaka gumba likatulia kwenye mkia.

"Wamesema umemuuza."

"Wamesema, bibi."

"Waongo wakubwa. Haya keti, tumepungukiwa mtu mmoja. Na usinihurumie, nitakufunga."

Genfu akavuta kigoda, akaanza kuchanganya vigae.