Kona Kumi na Tisa za Kunigunda

Alhamisi moja ya mwezi wa sita, mwaka 1994, Kunigunda wa Matiri alifika stendi ya Mbinga saa kumi na mbili asubuhi akiwa hajala tangu mchana wa jana yake. Alikuwa amebeba ndimu tatu, bonge la udongo na mfuko wa rambo, ile mifuko mipya ya plastiki iliyokuwa imejaa madukani siku hizo. Ndimu zilikuwa za kunusa na kulamba. Udongo aliuchota kwenye ngoro, yale mashimo ya kulimia ya Wamatengo, kwa kuwa kwao walisema tumbo likinusa udongo wa nyumbani husahau kwamba limesafirishwa. Mfuko ulikuwa wa yale ambayo ndimu na udongo vingeshindwa kuyazuia.

Alikuwa mjane wa miaka hamsini na miwili, mwenye miche mia nne ya kahawa na sauti ya kwanza katika kwaya ya parokia. Hakuogopa nyoka, hakuogopa kuosha maiti. Aliogopa gari. Mara ya mwisho alipopanda, miaka kumi na mmoja nyuma, akienda Songea, alitapika kwenye magoti ya katekista, na mpaka leo katekista huyo akikutana naye njiani hukunja suruali kwanza ndipo aamkie. Tangu siku hiyo harufu ya dizeli peke yake ilimtosha kushika mdomo. Kokote alikokwenda alikwenda kwa miguu.

Lakini Lipingo, kule ziwani, ni mwendo wa siku tatu kwa miguu, na barua ya binti yake Lidia haikuwa na siku tatu. Lidia aliolewa huko. Aliandika: “Mama, hii ni mimba ya tatu. Wale wawili niliwazaa bila wewe na hawakukaa. Ukija, huyu atakaa.” Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kunigunda aliisoma barua, akaenda kuchuma ndimu.

Gari lilikuwa Land Rover ya Ildefonsi, na dereva alikuwa Adrian, mume wa Lidia. Huyu Ildefonsi zamani alikuwa mpima kahawa wa chama cha ushirika. Biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu alinunua gari, akaanza kununua kahawa, halafu akaanzisha kampuni ya ujenzi yenye toroli moja na mhuri mmoja. Kampuni ilipewa kazi ya kunyoosha barabara ya ziwani. Kwa miaka miwili ilikuwa imesimika kibao tu. Kona zilibaki zile zile kumi na tisa, na kila moja ilikuwa na jina la kitu kilichowahi kuanguka pale: Kona ya Padri, Kona ya Chumvi, Kona ya Cherehani.

“Shikamoo mama,” alisema Adrian, akiangalia chini kama inavyompasa mkwe.

“Marahaba, baba.”

“Mama hawezi kukaa nyuma juu ya magunia. Utakaa mbele, pamoja nami.”

Ilikuwa heshima, na ndiyo iliyoleta yote. Kunigunda alilelewa kwamba mama mkwe hatafuni mbele ya mkwewe wala hapigi miayo mbele yake. Kuhusu kutapika hapakuwa hata na mwiko, maana hakuna aliyewahi kufikiria kwamba jambo hilo lingetokea. Alipanda mbele. Akashika ndimu ya kwanza puani.

Kona ya Padri ilifika mapema. Gari likalala kushoto, bonde likaonekana chini ya dirisha, na tumbo la Kunigunda likapanda lote kwa pamoja. Alifungua mfuko. Adrian alitazama mbele kwa adabu, shingo imekakamaa. Kunigunda akaufunga mfuko, akafunga na mdomo, akameza.

Kilichoteremka hakikuwa kile kilichopanda. Kilikuwa kirefu, cha baridi, kimepinda, kina changarawe. Kiliteremka polepole, kikajikunja chini ya mbavu. Barabara mbele yao ikawa imenyooka.

Nyuma, mzee mmoja aliyebeba bati aliuliza, “Kona ya Padri mbona haijafika?”

“Imeshapita,” alisema jirani yake.

“Haijapita. Mimi pale huvua kofia kila safari.”

“Basi watakuwa wameinyoosha.”

“Aa. Walisema watainyoosha.” Wakarudi kwenye habari za bei ya mbolea.

Kunigunda alimeza kona zote kumi na tisa. Ndimu ziliisha kwenye ya sita. Kwenye ya kumi na moja aliacha kusali, kwa sababu kusali kunahitaji kufungua mdomo. Hakujua kama vitu vile vingekaa, au vingetoka, na kama vingetoka, vingetokea wapi. Aliogopa kama mtoto. Walipoliona ziwa, hata saa tatu asubuhi ilikuwa haijafika.

“Leo tumewahi, mama,” alisema Adrian.

“Mm,” alijibu Kunigunda.

Adrian alishusha abiria, akala ugali kwa usipa, dagaa wa ziwa lile, akiwa amesimama, akageuza gari kurudi Mbinga. Lidia alimkumbatia mama yake kisha akaachia, akamwekea mkono tumboni.

“Mama, una nini humu?”

“Barabara.”

“Inauma?”

“Inanitisha.”

“Si uitapike basi, mama. Tuko wawili tu hapa.”

Kunigunda alitazama mlimani, ambako vumbi la Land Rover lilikuwa linapanda kwa kasi, limenyooka kama uzi wa fundi mwashi. “Mume wako yuko juu yake,” alisema. Lidia akaelewa. Alikwenda kuteka maji na hawakulizungumza tena.

Siku ya pili uchungu ulianza. Nesi wa zahanati alimpapasa Lidia, akanawa mikono, akasema mtoto ametanguliza miguu na hapo hapana wa kumsaidia; apelekwe hospitali Mbinga, na wasisimame njiani. Bahati gari lilikuwapo. Lidia alilazwa kwenye kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mama yake. Gari lilipoondoka liliinama upande wa Kunigunda, na Adrian alilazimika kushika usukani kwa nguvu ili lisitoke barabarani.

Safari iliyozoeleka kuchukua saa nne waliimaliza kwa saa moja na robo. Kila gari lilipofika mahali pa kona, ile kona ilimgeuka Kunigunda tumboni, ikitambua mahali pake, ikitaka kushuka. Ilipofika zamu ya Kona ya Chumvi ilimpanda mpaka kooni. Alionja changarawe. Mbele yake Adrian alikuwa anaendesha kwa mwendo ambao hakuna aliyewahi kwenda nao katika mlima ule, na chini ya vidole vyake nywele za mwanawe zilikuwa zimelowa jasho. Kunigunda alijua kwamba akifungua mdomo watakufa wanne. Akameza. Akameza tena.

Mtoto alizaliwa saa nane mchana, msichana, miguu mbele, akalia. Walimwita Glorious. “Mngechelewa nusu saa,” alisema daktari, akageukia mgonjwa mwingine.

Wiki hiyo hiyo mkaguzi alikuja kutoka mbali kuikagua barabara. Alishuka mpaka ziwani na kurudi, akaandika kwamba imenyooka kuliko ilivyokuwa kwenye ramani, akatia sahihi. Ildefonsi alichinja mbuzi wawili. Kibao cha zamani kiling'olewa, kikasimikwa kipya cha chuma: BARABARA HII IMEKAMILIKA, na chini yake jina la kampuni. Madereva walipenda. Malori ya usipa yaliyokuwa yanalala njiani sasa yalikwenda na kurudi siku moja, na waliokuwa wanapiga honi kwenye kona waliacha, maana honi ya nini.

Kutoka Mbinga Kunigunda alirudi Matiri kwa miguu. Alichukua siku mbili kwa njia ya nusu siku, kwa kuwa miguu yake ilikuwa imeanza kupinda mahali ambapo njia haikupinda. Nyumbani alikula uji tu. Kwaya aliiacha. Alipolala alilalia ubavu wa kulia, mdomo umefungwa kwa kitambaa, na kila aliposikia lori likiunguruma huko ng'ambo aliamka na kujishika koo mpaka mlio upotee.

Mwezi wa nane wanunuzi wa kahawa walianza kuja mpaka milangoni. Zamani watu walibeba kahawa yao mpaka chamani. Sasa soko huria lilileta gari hadi uwanjani, na siku moja Kunigunda alisimama karibu na mzani, na dereva, kijana mwenye haraka, hakuzima injini. Moshi ulimpata usoni. Alikimbilia shambani. Alifika kwenye ngoro ya tatu, akapiga magoti, na kona moja ikatoka.

Ilikaa pale juu ya majani ya maharage, imepinda, nyeusi, ina harufu ya mvua na dizeli, kisha ikazama udongoni. Kunigunda aliijua ni ipi. Kwenye changarawe yake palikuwa na chembe za chumvi. Majirani waliomfuata kutoka kwenye mzani nao waliiona.

Saa hiyo hiyo Tarsisi wa Mapera, dereva wa lori la usipa, alikuwa anapanda mlima akiwa amenyoosha mkono mmoja dirishani. Kona ya Chumvi ilimkuta mbele yake. Yeye aliendelea moja kwa moja. Walimtoa bondeni siku ya pili.

Msibani watu walisema mengi kuhusu Tarsisi, na yote yalikuwa mema. Hakuna aliyeuliza kwa nini mlima haukuwahi kuchimbwa, wala kampuni ilifanya nini kwa miaka miwili. Walimwuliza Kunigunda alikuwa amekula nini. Alisema uji. Wakatikisa vichwa, wakasema siku nyingine aupooze zaidi. Mjane wa Tarsisi alimshika mkono na hakumlaumu, na jambo hilo Kunigunda hakuweza kulistahimili; alikwenda nyuma ya nyumba akalia huku amebana midomo, machozi yakitoka puani.

Baada ya siku nne ilikuja barua ya kampuni yenye mhuri. Ilimpa pole, kisha ikamwomba ajizuie kutapika siku za kazi. Kwa siku za sikukuu atoe taarifa ya maandishi siku saba kabla. Pamoja na barua zilikuja kilo mbili za sukari na khanga. Kunigunda alifikiria kweli kuhusu sikukuu. Alituma mtu akaangalie barabara siku ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Mtu alirudi akasema amehesabu magari ishirini na sita. Soko huria halikuwa na sikukuu.

Mwezi wa kumi Lidia aliandika kwamba Glorious atabatizwa, na mtoto haoni raha mpaka abebwe na bibi yake. Kunigunda alikwenda stendi na ndimu zake na udongo wake. Utingo wa Land Rover alimzuia mlangoni.

“Samahani, mama. Tajiri amekataza. Ukikaa wewe gari linalala upande. Linakula matairi.”

“Mimi ni mtu mmoja.”

“Ndiyo, mama. Lakini mzigo ulionao ni mkubwa.”

Adrian alikuwa nyuma ya usukani. Aliangalia chini, na safari hii haikuwa adabu. Kunigunda hakumkasirikia. Kusema kweli alisikia nafuu, nafuu kubwa ya kutokupanda, na akaionea aibu nafuu hiyo. Alifunga khanga kiunoni, akaanza kutembea.

Barabara ya ziwani ilikuwa imenyooka na nyeupe kwa jua. Mahali ilipokuwa Kona ya Padri, miguu yake ilikwenda kushoto, ikazunguka taratibu kwenye majani, ikarudi barabarani mbele. Hakuweza kuizuia. Alikwenda hivyo kona kwa kona. Malori yalimpita yakipiga kelele, na matingo walining'inia nje kumpigia makelele.

“Mama, nyooka! Barabara hii imenyooshwa!”

Mahali pamoja tu alitembea kama watu wote, kwenye Kona ya Chumvi, maana pale barabara nayo ilikuwa imepinda. Palikuwa na msalaba wa mti. Alikaa hapo kidogo.

Siku ya tatu asubuhi, akiwa anazunguka Kona ya Cherehani, alisikia Land Rover inapunguza mwendo. Adrian alikuwa peke yake mbele, abiria wamejaa nyuma. Alisimamisha gari katikati ya barabara, kando ya kibao kipya cha kampuni, akavua kofia.

“Shikamoo mama.”

Kunigunda alikuwa na kipande cha ndimu shavuni. Gari lilikuwa limesimama pale pale, juu ya mahali pa kona, na kona ilikuwa imempanda mpaka kwenye ulimi. Alinyanyua mkono. Adrian akangoja. Mkwe haondoki kabla salamu yake haijapokelewa, na Adrian alikuwa amelelewa vizuri. Huko nyuma lori la usipa lilikuwa linakuja kwa kasi likipiga honi, na abiria walianza kugonga bodi. Kunigunda alijishika mdomo kwa mkono mmoja na kwa mwingine akampungia: nenda, baba, nenda.

Adrian alivaa kofia, akaondoka moja kwa moja.

Lori likapita. Kunigunda alisubiri vumbi litulie, akasikiliza upande wa mlimani, akasikiliza upande wa ziwani, mpaka akawa na hakika hakuna gari. Ndipo akafungua midomo kidogo sana.

“Marahaba, baba,” alisema, akaifunga haraka, akamalizia kuzunguka.