Mtoro Aliyekuja Kila Siku

Saa moja na nusu asubuhi mwalimu wa hesabu aliwasha kompyuta mpya, akafuta vumbi kwenye kioo kwa tai yake, na darasa zima likaonekana humo: madawati ishirini, wanafunzi thelathini na tisa, hata feni mbovu. Kompyuta hiyo iliweza kuiga mwaka mzima wa masomo kwa dakika nne, na ilichoiga ndicho kilichotokea darasani. Aliyepiga miayo kwenye kioo alipiga miayo kwenye dawati lake. Walimu walipata muda mwingi wa chai.

Ilitakiwa ilishwe mahudhurio ya miaka mitatu. Mwalimu wa hesabu, mvivu wa kutupwa, alinakili muhula mmoja tu, ule ambao binti wa fundi cherehani alikuwa hospitalini akimuuguza mama yake. Kwa hiyo kwenye kioo nafasi yake ilikuwa tupu.

Binti alikuja kama kawaida, maana mtihani wa mwisho ulikuwa umebakiza mwezi mmoja na alikuwa ameusubiri kwa hamu. Ila tangu siku hiyo wino wake ulipotea kabla hajamaliza neno. Aliazima kalamu ya jirani, mambo yakawa yale yale. Jirani alipoichukua tena, iliandika vizuri.

"Mwalimu, mimi nipo."

"Nakuona, mwanangu," alisema mwalimu wa hesabu. "Lakini hujaja."

"Si uongeze tu ile mihula mingine?"

"Nikigusa kitu, kila kitu kinaanza upya. Na mkaguzi anakuja Ijumaa."

Mkaguzi alikuja, akakaa saa nzima mbele ya kioo, wanafunzi akiwapa mgongo. Alisifu sana. Alipogeuka alimkuta binti amesimama na daftari jeupe, akamwomba asogee apite. Mwalimu mkuu, bingwa wa kujipendekeza, aliahidiwa kompyuta ya pili yenye nguvu mara kumi. Aibu haikumgusa mtu hata mmoja.

Jumatatu mwalimu mkuu aliingia darasani na barua, akamwita binti mbele, akamkabidhi mkononi. Ilisema jina lake limefutwa kwenye orodha ya mtihani kwa sababu ya utoro.

Binti aliisoma hadi mwisho.

"Mpelekee mama asaini," alisema mwalimu mkuu. "Kesho uirudishe mapema. Usichelewe."