Maziwa ya Safari

Dada yangu, Sikujua, alirudi Bungu na basi la asubuhi, ametoka Dar kupigwa picha ya tezi la shingo. Daktari alimchoma dawa yenye mionzi ili tezi lionekane, akamwonya: asimnyonyeshe wala kumpakata mtoto mpaka adhuhuri ya kesho.

Ridhiwani, mwanawe wa miezi mitano, aliisikia sauti ya mama yake uani, akaanza kulia. Nilimpa maziwa ya kopo kwa kijiko, akayatema. Kufika alasiri sauti ilikuwa imemkauka.

"Mtamuua mtoto," bibi yetu aliniambia. "Mama akitoka safari hukamua ya kwanza chini, kisha mtoto ananyonya. Wewe mwenyewe umelelewa hivyo."

"Hayo ni ya maziwa yaliyopata joto la jua njiani, bibi. Mionzi haitoki kwa kukamuliwa."

"Umeiona hiyo mionzi?"

Sikuiona.

Dada alikuwa ameshakamua pale kizingitini, gauni limemlowa kifuani. "Mlete, mdogo wangu. Kidogo tu."

Nilimkumbatia Ridhiwani, nikarudi nyuma. Dada alinitazama, halafu akaingia chumbani mwake.

"Basi nifungie," alisema. "Hata nikikulilia, usinifungulie."

Nilitia kufuli, nikatoka na mtoto na kikombe cha maziwa mpaka barabarani, ambako asingeisikia sauti ya mama yake. Nikachovya kidole kwenye maziwa ya kopo, nikamtia mdomoni. Alinyonya mara moja, akakiacha. Nikachovya tena.